Manchester haina bahari, ile meli kwenye nembo ya United na City imetoka wapi? (Uzi wa mfereji wa meli uliochimbwa kwa hisa za watu)

#1 Msafi wa Kariakoo
Wakuu, habari za jioni. Juzi kibanda umiza ubishi ulizuka, nembo ya City ina meli, nembo ya United ina meli, na mji wenyewe uko bara, bahari iko huko Liverpool karibu kilomita 50. Jamaa mmoja akasema ni urembo tu. Mimi nikasema hapana, pale kuna mfereji wa meli, meli kubwa za mizigo zilikuwa zinatoka baharini zinaingia mpaka mjini, na mfereji wenyewe serikali kuu haikuuchimba, wamechimba watu kwa kuuza hisa. Wakanicheka sana.

Ninavyojua mimi ni hivi: wenye viwanda vya pamba walichoka kukamuliwa na bandari ya Liverpool pamoja na makampuni ya reli. Juni 1882 wakakutana nyumbani kwa mwenye kiwanda mmoja, Daniel Adamson, kitongoji cha Didsbury, wakakubaliana kuchimba njia yao wenyewe. Muswada ukagonga mwamba bungeni mara mbili, wa tatu ukapita Agosti 1885. Kazi ikaanza Novemba 1887, meli za kwanza zikapita 1 Januari 1894, na Malkia Victoria akaja kufungua rasmi Mei mwaka huohuo. Kilomita 58 kutoka Eastham, kwenye mdomo wa mto Mersey, mpaka Salford, pua na mdomo na Manchester. Serikali kuu ilitoa sheria tu, pesa hakuna.

Sasa naomba mnisaidie mawili. Waliwezaje? Na kama ulikuwa mzuri kiasi hicho, mbona leo kule mjini hakuna meli za mizigo? Mwenye data amwage.

#2 Anfield_Kigoma
Nimeweka kiti mbele kabisa. Kumbe hawa watu wa Manchester wanahangaika na Liverpool tangu enzi za mababu.

#3 Injinia wa Mbezi
Msafi, mfereji upo na maelezo yako ni mazuri, ila meli ya kwenye nembo haikutoka kwenye mfereji. Ile ni nembo ya jiji, ilitolewa 1842. Mfereji umefunguliwa 1894, miaka 52 baadaye. Timu zilichukua nembo ya jiji, ndo maana mahasimu wawili wana meli moja. Yule shetani wa United kaongezwa juzijuzi tu, mwanzoni mwa miaka ya 1970.

#4 Shetani Mwekundu Mwanza
@Injinia wa Mbezi sasa 1842 meli ya nini kwenye mji usio na maji? Hapo umetuacha njiani mkuu.

#5 Injinia wa Mbezi
Biashara. Manchester ilikuwa inaishi kwa kununua pamba ng'ambo na kuuza nguo ng'ambo, kila kitu kinapita kwenye meli hata kama meli yenyewe inaishia Liverpool. Na maji yapo, mito mitatu, Irwell, Irk na Medlock. Toka karne ya 18 mashua ndogo zilikuwa zinapanda mtoni mpaka mjini, na kuna mfereji wa Bridgewater wa 1761, huo ndo wa mtu binafsi haswa, mwinyi mmoja alichimba kwa pesa yake kutoa makaa ya mawe kwenye machimbo yake kupeleka mjini. Sema hayo ni maboti, sio meli za baharini.

#6 Baharia Mstaafu
Vijana salamu. Mimi huo mfereji nimeupita, miaka ya 70, nilikuwa mpakaji mafuta chumba cha injini kwenye meli ya mizigo mchanganyiko. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia gatini, lakini ile sijapata kuona tena popote.

Unafika Eastham, unaingia lango la kwanza. Pembeni hapo kuna gati lenye kreni, meli zenye milingoti mirefu zinavuliwa vichwa vya milingoti, nyingine hata kichwa cha dohani kinanyofolewa, kwa sababu mbele kuna madaraja ya reli ambayo hayafunguki na nafasi chini yake ni kama futi 75 tu. Vile vipande vinaachwa hapo, ukirudi unavishwa tena. Halafu tagi (boti ya kuvuta meli) moja mbele, moja nyuma, mwendo wa kunyata, siku inaisha hivihivi. Nikatoka juu kupunga upepo naona ng'ombe wanakula majani upande wa kulia, upande wa kushoto mtu anaanika nguo, na mimi niko juu ya meli ya tani maelfu. Barton ndo kiboko. Pale kuna mfereji mdogo, huohuo wa Bridgewater anaosema Injinia, unapita JUU ya mfereji mkubwa kwenye daraja la chuma. Meli ikija daraja linazungushwa pembeni na maji yake yote ndani, wamefunga milango ncha zote mbili. Tani zaidi ya elfu moja na mia nne zinazunguka taratibu na hakuna maji yanayomwagika ya maana. Chifu injinia wetu alisimama akavua kofia.

#7 mgiriama01
Wueh mzee hiyo stori ni tamu. Lakini swali, Manchester si iko juu kuliko bahari? Maji yanapandaje?

#8 Injinia wa Mbezi
@mgiriama01 maji hayapandi, meli ndo inapandishwa. Kuna malango ya maji sehemu tano: Eastham, Latchford, Irlam, Barton na Mode Wheel. Meli inaingia chumba, mlango wa nyuma unafungwa, maji ya juu yanaachiwa yaingie, meli inanyanyuka, mlango wa mbele unafunguliwa. Kama kupanda ngazi. Jumla wanapanda kama mita 18. Na maji yenyewe ni ya mito ya Irwell na Mersey, sehemu kubwa ya huko juu walichofanya ni kuunyoosha mto na kuuchimba.

Ubishi wa kwanza kabisa ulikuwa hapa. Injinia mmoja, Hamilton Fulton, alitaka wachimbe kina mpaka usawa wa bahari, bila malango, maji ya kupwa na kujaa yafike Manchester yenyewe. Injinia mwenzake, Edward Leader Williams, akasema utakuwa umechimba korongo, meli itakuwa chini kabisa na mji uko juu, mizigo utaipandishaje? Wakamfuata Williams.

#9 Fundi Hesabu
Mnasimulia vizuri lakini hiyo "pesa ya watu binafsi" ya mleta mada inahitaji kufanyiwa ukaguzi.

Sheria iliwapa miaka miwili wakusanye mtaji. Adamson alitaka hisa zinunuliwe na watu wa kawaida, wafanyakazi wa viwandani, wenye maduka, vyama vya ushirika. Hisa ya pauni 10, na walinunua kweli. Lakini pesa ya kudunduliza haikufika. 1886 wakawapa benki ya akina Rothschild wauze hisa London, ikabuma. Februari 1887 Adamson akajiuzulu uenyekiti, akaingia Lord Egerton, na ndo benki kubwa, Rothschild pamoja na Baring, wakaja na hisa za upendeleo, zile zinazolipwa gawio kwanza. Mwaka huohuo wakainunua kampuni ya Bridgewater kwa hundi moja ya pauni 1,710,000, wakati ule ilisemwa ni hundi kubwa kuliko zote zilizowahi kuandikwa.

1891 pesa ikakata na kazi ipo katikati. Nani kaokoa? Halmashauri ya jiji la Manchester. Ikakopesha pauni milioni 3, baadaye ikaongeza milioni 2, na kwa malipo ikachukua viti 11 kati ya 21 vya bodi. Gharama nzima karibu milioni 15. Kwa hiyo theluthi ya pesa ni ya walipa kodi wa jiji na bodi ni ya jiji. Msafi, hiyo bado unaiita binafsi?

#10 Msafi wa Kariakoo
Shukrani Fundi, nondo nzito. Ila mimi nilisema serikali KUU haikutoa. Na milioni 10 nyingine si za watu? Mkopo ni mkopo, unalipwa na riba. Hata leo kampuni ikikopa benki bado ni kampuni binafsi.

#11 Fundi Hesabu
Benki haikai viti 11 kwenye bodi yako.

#12 Mzee Ukwaju
Nyote mna pointi lakini mnaruka jambo. Kilichomaliza pesa si hesabu mbovu za toka mwanzo. Mkandarasi alikuwa Thomas Walker, mtu mwenye uzoefu mkubwa, aliugawa mfereji vipande vinane, kila kipande na injinia wake, na miaka miwili ya mwanzo kazi ilikwenda vizuri. Novemba 1889 akafariki. Warithi wake na kampuni wakaingia kwenye mivutano, mwisho kampuni ikabidi ifanye kazi yenyewe. Juu ya hapo mafuriko yakaja yakajaza sehemu walizokwisha kuchimba, wakaanza kupiga pampu na kuzoa tope. Adamson mwenyewe alifariki Januari 1890, hakuuona umekwisha. Ukipoteza mkandarasi katikati ya kazi hakuna bajeti itakayosimama, awe binafsi awe serikali.

Na tuwakumbuke waliochimba. Wastani wa watu 12,000, kilele 17,000, mshahara penny nne na nusu kwa saa, masaa kumi kwa siku. Mashine za mvuke zilikuwepo na reli za muda za zaidi ya maili 200 kwa ajili ya kubeba udongo, ila sururu na koleo nazo zilifanya kazi nyingi. Watu walikufa pale na wengine wengi walivunjika. Mabwana wa hisa wamewekwa kwenye vitabu, hawa hawatajwi kwa majina.

#13 Fundi Hesabu
Mzee Ukwaju shikamoo. Sikatai Walker. Lakini makadirio ya awali yalikuwa chini sana kabla hata hajafa, fidia za ardhi na madaraja ya reli peke yake zilikula pesa nyingi kuliko walivyotarajia, maana kila kampuni ya reli iliyokatizwa ilibidi ijengewe daraja jipya la juu. Ndo hayohayo madaraja yaliyomvua Baharia milingoti.

#14 Wakala Kurasini
Mimi nafanya kliaringi, ngoja niwaambie kwa nini watu walikubali kuweka pesa yao ya mfukoni kwenye shimo. Mfanyabiashara haumizwi na safari ndefu, anaumizwa na tozo ya hapa mlangoni. Nina mteja alitoa kontena la mashine China likafika salama, halafu kati ya gati na ghala kukaongezeka tozo juu ya tozo, mpaka demareji (faini ya kuchelewesha kontena) ikazidi faida yake yote. Yule bwana alikuwa tayari kupitisha mzigo nchi nyingine kabisa, azunguke, ili mradi asirudi pale.

Sasa Manchester ilikuwa hivyohivyo. Kuna wakati ilikuwa nafuu kuleta mzigo kupitia Hull, pwani ya upande wa pili wa nchi, kuliko Liverpool iliyo jirani. Na mfereji ulipofunguliwa reli na bandari ya Liverpool wakashusha bei. Kwa maoni yangu faida kubwa ya mfereji ni hiyo: hata mwenye mzigo ambaye hakuwahi kuutumia alipunguziwa gharama. Haionekani kwenye vitabu vya kampuni, inaonekana kwenye mifuko ya wateja.

#15 Anfield_Kigoma
Liverpool mnaisema kama majambazi, ngojeni. Bandari ya Mersey iligharamiwa na watu wa Liverpool miaka na miaka. Na upinzani wao bungeni haukuwa wivu tu. Mchoro wa mwanzo ulipitisha mfereji katikati ya mlango wa mto wenyewe, wakamleta injinia wa Kimarekani James Eads, mtu aliyejenga daraja kubwa la St. Louis, akatoa ushahidi kwamba mchanga na tope vitahama na kuziba njia ya meli ya Liverpool. Hoja ikakubalika, na muswada wa tatu ulipita kwa sababu njia ilibadilishwa, ikasogezwa ukingoni upande wa Cheshire mpaka Eastham. Kwa hiyo mchoro mnaousifia umesahihishwa na Liverpool.

#16 Shetani Mwekundu Mwanza
Umesahihishwa au umecheleweshwa miaka miwili? Wangeacha wapite 1883 wasingechoka na ada za mawakili.

#17 Mama Kanga Mombasa
Hamjambo humu. Mnazungumza Manchester kama iko mwezini, wakati mizigo ya ule mji imelala kwenye masanduku ya bibi zetu. Zamani kanga nyingi za pwani hii zilikuwa zinachapwa ng'ambo, Uingereza na Uholanzi, baadaye India na Japani. Bibi yangu alikuwa na mbili za Kiingereza, pamba nyembamba lakini imebana, ukiikunja inatoa mlio, rangi nyekundu yake haijapauka mpaka leo. Wafanyabiashara wa Mombasa walikuwa wanatuma mchoro na jina la kanga, zinakuja kwa meli. Kwa hiyo wale wenye viwanda waliolalamikia gharama za bandari, wateja wao walikuwa ni sisi pia.

#18 Wa Jinja
Na pamba pia. Mwaka 1902 watu wa viwanda vya huko waliunda chama cha kuhamasisha kilimo cha pamba kwenye makoloni, British Cotton Growing Association, makao Manchester, maana waliogopa kutegemea Marekani peke yake. Baada ya mwaka mmoja mbegu zikaletwa Uganda. Babu yangu Busoga alilima, alipeleka kwenye jineri (kiwanda cha kuchambua pamba), alilipa kodi kwa pamba hiyohiyo. Baadaye sehemu kubwa ya pamba yetu ilikwenda Bombay, si Uingereza, kwa hiyo siwezi kusema ilipita kwenye mfereji wenu. Lakini wazo la kulima lilitoka kwao.

#19 Dada wa Salford
Nimeuona uzi huu nikiwa kwenye basi natoka kazini, na basi lenyewe linapita pale. Asanteni wote, hasa Baharia.

Zile gati za juu zilifungwa 1982. Sasa panaitwa Salford Quays, ni maghorofa ya kuishi, makumbusho ya vita, na studio za BBC. Maji yapo, bata wapo, kuna watu wanaogelea siku za joto kwenye sehemu iliyotengwa. Ukisimama pale usiku hujui kwamba Manchester iliwahi kuwa bandari ya tatu au ya nne kwa shughuli Uingereza nzima.

Nataka kujibu swali la Msafi kwa upande mwingine. Nyote mnapima mfereji kwa ushuru wa meli. Vukeni ng'ambo muone Trafford Park. Ilikuwa bustani na msitu wa mwinyi mmoja, 1896 ikanunuliwa na Ernest Terah Hooley, na Marshall Stevens, meneja wa kwanza wa mfereji, akahamia huko kuiendesha. Ikawa eneo la viwanda lililopangwa, wanasema la kwanza duniani. Kampuni ya Westinghouse wakaja na mitambo ya umeme, Ford akafungua hapo 1911 kiwanda chake cha kwanza nje ya Amerika Kaskazini. Mimi nafanya kazi kwenye ghala lililoko ndani ya eneo hilohilo mpaka leo. Na Old Trafford imekaa hapo pembeni, ndo maana Machi 1941 ililipuliwa na ndege za Wajerumani, walikuwa wanalenga viwanda na gati. Kwa hiyo mfereji ulileta viwanda, na viwanda vimebaki hata baada ya meli kuondoka.

#20 mgiriama01
Sasa kilichoua meli ni nini? Hapo ndo nasubiri.

#21 Wakala Kurasini
Kontena. Imeisha hiyo.

#22 Baharia Mstaafu
Si rahisi hivyo mwanangu. Hao watu wa Manchester ndio walioanza kontena mapema! Kampuni ya Manchester Liners, ya toka 1898, ilishusha meli ya kontena ya kwanza kujengwa Uingereza, Manchester Challenge, 1968, ikaenda Montreal. Tatizo meli ziliendelea kukua. Malango yale yanachukua meli ya futi 600 urefu na 65 upana, zaidi ya hapo hupiti hata uombe dua. Mwenye meli akiwa na chombo kikubwa anaishia mdomoni mwa mto. Na siku nzima ya kunyata na tagi mbili nani atailipa?

#23 Mzee Ukwaju
Mimi nasema pamba ndo ilikufa kwanza. Viwanda vya nguo vya Lancashire vilianza kuporomoka baada ya vita ya kwanza, India na Japani wakatengeneza nguo zao. Meli zinafuata mzigo. Hata ungekuwa na malango ya futi 1000, utabeba nini?

#24 Dada wa Salford
@Mzee Ukwaju lakini kilele cha tani kwenye mfereji kilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1950, pamba ikiwa imeshaanguka kitambo. Mafuta na nafaka ndo vilibeba. Na mfereji haujafa, wa chini bado unafanya kazi, meli za mafuta na kemikali zinakwenda Stanlow na Runcorn. 1954 walifungua gati kubwa la Queen Elizabeth II pale Eastham kwa ajili ya meli za mafuta zisizoweza kuingia ndani.

#25 Mzee Ukwaju
Mafuta ya chini hayo. Mimi nazungumzia gati za juu, kule mjini.

#26 Anfield_Kigoma
Hamjasema migomo ya makuli na ushindani wa malori. Barabara kuu zilipojengwa lori linatoka gati la Liverpool linafika Manchester kwa kama saa moja. Mfereji ulijengwa kumkwepa mtu wa kati, na barabara ikamkwepa mfereji.

#27 Injinia wa Mbezi
Tukilinganisha, mifereji ya hisa mingi imeishia mikononi mwa serikali. Suez, Uingereza ilinunua hisa za mtawala wa Misri 1875 kwa pauni milioni 4. Corinth kule Ugiriki, kampuni ya Wafaransa ilifilisika, Wagiriki wakamalizia 1893. Cape Cod kule Massachusetts, August Belmont aliufungua Julai 1914 kwa pesa binafsi, ukawa mwembamba, mkondo mkali, ushuru juu, meli zikaendelea kuzunguka rasi, 1928 serikali ikaununua kwa dola milioni 11.5 na ushuru ukafutwa. Na kwetu hapa, kampuni ya Mackinnon, IBEA, ilipewa hati 1888, 1895 ikasalimu amri na serikali ikajenga reli ya Uganda. Manchester ni kisa cha tofauti, jiji liliingia na serikali kuu haikuingia.

#28 Shetani Mwekundu Mwanza
Swali la mwisho kwa Fundi. Wale wa hisa za pauni 10, wenye maduka na wafanyakazi, walipata kitu?

#29 Fundi Hesabu
Gawio la kwanza la hisa za kawaida lilitoka 1915. Miaka 21 toka meli ya kwanza ipite. Wenye hisa wa mwanzo wengi walishazikwa au walishauza kwa hasara. Ndo maana nasema usiite biashara, ulikuwa mchango wa mji.

#30 Msafi wa Kariakoo
Fundi hapo sikubaliani. Meli ya kwanza kushusha mzigo siku ya ufunguzi ilikuwa Pioneer, mali ya ushirika wa CWS, imebeba sukari kutoka Ufaransa. Wale wanaushirika waliweka pesa kwenye hisa za mfereji na duka ni la kwao. Sukari ikishuka bei dukani, yule mama wa kiwandani ameshalipwa kabla ya gawio.

#31 Fundi Hesabu
Na yule aliyenunua hisa lakini sio mwanachama wa ushirika?

#32 Dada wa Salford
Huyo aliachia wengine. Kuanzia miaka ya 1980 kampuni ya Peel ilikusanya hisa mpaka ikawa na mfereji wote, na jiji likaachia viti vyake vya bodi. Wengi hapa wanasema hawakuufuata mfereji, walifuata ardhi iliyo pembeni yake, na ukiona kodi ya nyumba ninayolipa pale kwenye gati la zamani unaelewa. Kwa hiyo Fundi, leo ni binafsi moja kwa moja, mwenye mali ni kampuni moja. Sijui kama ndicho Adamson alichokuwa anakitaka alipogombana na wenzake 1887.

#33 Mzee Ukwaju
Sio alichokuwa anakitaka. Yeye alitaka wamiliki wawe wengi, na alijiuzulu kwa hilo.

#34 Fundi Hesabu
Na angebaki na wamiliki wengi mfereji usingechimbwa, kwa sababu pesa yao haikutosha. Nileteeni hesabu inayoonyesha vinginevyo.